Kubadili Vipimo vya Matumizi ya Mafuta ya Gari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Gari hutengenezwa nchi moja, likauzwa nchi ya pili na kuzeekea nchi ya tatu, na huenda kila moja kati ya nchi hizo ina namna yake ya kutaja ulaji wa mafuta. Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya mtu aliyeshika karatasi yenye namba asiyoizoea, naye anataka kujua bila kubahatisha gari hilo linakula kiasi gani.

Matumizi ya mafuta hutajwa kwa vipimo gani?

Vipimo vinne ndivyo vinavyokutwa zaidi. Cha kwanza ni lita kwa kilomita 100, ambacho ndicho kipimo rasmi katika Umoja wa Ulaya, Australia, China na Kanada. Cha pili ni kilomita kwa lita, kinachotumika Japani, India na Brazili. Cha tatu ni maili kwa galoni ya Marekani, na cha nne ni maili kwa galoni ya Uingereza. Hivi viwili vya mwisho huandikwa kwa herufi zilezile, yaani mpg, ingawa havilingani hata kidogo.

Kabla ya kushika kikokotoo, ni vyema kuvigawa vipimo hivi katika makundi mawili. Lita kwa kilomita 100 huuliza: kwa safari ya urefu huu, mafuta kiasi gani yataungua? Hapo namba ndogo ndiyo nzuri. Vingine vitatu huuliza kinyume chake: kwa mafuta kiasi hiki, gari litafika umbali gani? Hapo namba kubwa ndiyo nzuri. Ukibadili kipimo kuwa kingine ndani ya kundi moja, unazidisha kwa namba isiyobadilika na kazi imekwisha. Ukivuka kutoka kundi moja kwenda jingine, kuzidisha hakutakusaidia. Ni lazima ugawanye, kwa sababu kipimo kimoja kikipanda kingine hushuka. Makosa mengi ya ubadilishaji huzaliwa mahali hapa, pale mtu anapotafuta namba moja ya kuzidishia ambayo haipo.

Kwa nini galoni ya Marekani si sawa na ya Uingereza?

Galoni ya Marekani ina lita 3.785 na ya Uingereza ina lita 4.546, yaani ile ya Uingereza ni kubwa kwa karibu asilimia 20. Chanzo chake ni cha kihistoria. Mwanzoni mwa karne ya 18, katika enzi za Malkia Anne, sheria ya Uingereza ilitambua galoni ya mvinyo yenye inchi za ujazo 231, na makoloni ya Amerika yakaitumia. Makoloni hayo yalipojitawala yalibaki na galoni hiyo, na Marekani inaitumia mpaka leo. Waingereza wao waliamua mwaka 1824 kufuta galoni mbalimbali zilizokuwa zikitumika kwao na kuweka moja tu, iliyofafanuliwa kuwa nafasi inayojazwa na ratili 10 za maji safi katika hali maalumu ya joto na kanieneo ya hewa. Siku hizi galoni zote mbili hufafanuliwa kwa lita moja kwa moja: 3.785411784 kwa ile ya Marekani na 4.54609 kwa ile ya Uingereza.

Maili haina tatizo hilo. Tangu makubaliano ya mwaka 1959, maili ya nchi kavu ni kilomita 1.609344 kwa Mmarekani na kwa Mwingereza vilevile, kwa hiyo tofauti yote iliyopo baina ya mpg hizo mbili inatokana na galoni peke yake.

Kanuni za kubadili ni zipi?

Hizi hapa, zikiwa na tarakimu zinazotosha kwa kazi yoyote ya gari:

- Lita kwa kilomita 100 = 235.215 ÷ maili kwa galoni ya Marekani
- Lita kwa kilomita 100 = 282.481 ÷ maili kwa galoni ya Uingereza
- Lita kwa kilomita 100 = 100 ÷ kilomita kwa lita
- Kilomita kwa lita = maili kwa galoni ya Marekani × 0.42514
- Kilomita kwa lita = maili kwa galoni ya Uingereza × 0.35401
- Maili kwa galoni ya Uingereza = maili kwa galoni ya Marekani × 1.20095

Kanuni tatu za kwanza zinafanya kazi pande zote mbili bila kugeuzwa. Ukigawanya 235.215 kwa maili unapata lita, na ukigawanya 235.215 kwa lita unapata maili. Hakuna haja ya kukariri kanuni ya kwenda na nyingine ya kurudi.

Namba 235 na 282 zimetoka wapi?

Zimetoka katika ukubwa wa galoni na urefu wa maili, basi. Chukua gari linalokwenda maili moja kwa galoni moja ya Marekani. Gari hilo linaunguza lita 3.785411784 kila kilomita 1.609344. Gawanya ya kwanza kwa ya pili upate lita 2.35215 kwa kilomita moja, kisha zidisha kwa 100 upate 235.215. Gari linalokwenda maili 30 kwa galoni hiyo litatumia sehemu moja ya thelathini ya kiasi hicho, yaani lita 7.84. Ukiweka 4.54609 mahali pa 3.785411784, hesabu ileile inakupa 282.481. Tunapendekeza msomaji aifanye hesabu hii mara moja kwa mkono wake, kwa kuwa anayejua namba imetoka wapi anaweza kuipata tena hata akiisahau.

Je, kuna jedwali fupi la kurejelea?

Namba zifuatazo zimekaribishwa hadi desimali moja.

| Lita kwa km 100 | Km kwa lita | Maili kwa galoni ya Marekani | Maili kwa galoni ya Uingereza |
|---|---|---|---|
| 4 | 25.0 | 58.8 | 70.6 |
| 5 | 20.0 | 47.0 | 56.5 |
| 6 | 16.7 | 39.2 | 47.1 |
| 7 | 14.3 | 33.6 | 40.4 |
| 8 | 12.5 | 29.4 | 35.3 |
| 9 | 11.1 | 26.1 | 31.4 |
| 10 | 10.0 | 23.5 | 28.2 |
| 12 | 8.3 | 19.6 | 23.5 |
| 15 | 6.7 | 15.7 | 18.8 |
| 20 | 5.0 | 11.8 | 14.1 |

Angalia 23.5 inavyojitokeza mara mbili. Kwa galoni ya Marekani ni gari linalotumia lita 10, na kwa galoni ya Uingereza ni gari linalotumia lita 12. Katika mwendo wa kilomita 20,000 tofauti hiyo ni lita 400 nzima, nayo imejificha katika neno moja ambalo aliyeandika tangazo hakuliandika.

Ninaweza kukokotoa kichwani, bila kikokotoo?

Unaweza, ukikubali makadirio. Kwa galoni ya Marekani tumia 240 badala ya 235: namba hiyo inagawanyika vizuri kwa 2, 3, 4, 5, 6, 8, 10 na 12, na jibu litazidi ukweli kwa asilimia 2 tu. Kwa hiyo maili 30 kwa galoni ni karibu lita 8, na maili 20 ni karibu lita 12. Kwa galoni ya Uingereza tumia 280, ambayo hupungukiwa kwa chini ya asilimia 1: maili 40 kwa galoni ni karibu lita 7.

Ukitaka kilomita kwa lita, tarakimu ni zilezile ila nukta imesogea. Gawanya maili za Marekani kwa 2.35, au za Uingereza kwa 2.82. Kwenda kutoka galoni ya Marekani hadi ya Uingereza, ongeza sehemu moja ya tano. Kurudi, punguza sehemu moja ya sita. Wengi hupunguza sehemu moja ya tano wanaporudi, na hapo hupotea: 30 ikiongezwa sehemu yake ya tano huwa 36, na ni sehemu ya sita ya 36 ndiyo inayokurudisha kwenye 30.

Nimepata karatasi inayosema mpg tu bila kutaja galoni. Nitajuaje ni ipi?

Anza na asili ya karatasi yenyewe. Vitabu na matangazo ya Marekani hutumia galoni ya Marekani, na ya Uingereza hutumia galoni ya Uingereza, ingawa petroli yenyewe nchini Uingereza huuzwa kwa lita. Maandishi ya zamani ya Kanada, ya kabla nchi hiyo haijahamia mfumo wa metriki, hutumia galoni ya Uingereza, jambo linalowashangaza wengi kwa kuwa jirani yake ni Marekani.

Asili isipojulikana, tafuta ndani ya karatasi hiyohiyo namba nyingine ya kulinganishia. Karatasi nyingi hutaja pia lita kwa kilomita 100, au ujazo wa tanki kwa lita na kwa galoni. Tanki likitajwa kuwa la lita 50 na galoni 13.2, galoni hiyo ni ya Marekani. Likitajwa kuwa la lita 50 na galoni 11, ni ya Uingereza. Kama hakuna cha kulinganisha, ushauri wetu ni kuiacha namba hiyo ilivyo bila kuibadili. Namba isiyo na kipimo kinachojulikana haibadiliki kuwa sahihi kwa kupitishwa kwenye kikokotoo.

Skrini ya dashibodi inaonyesha mpg. Nayo je?

Hapa kuna njia ya hakika. Soma namba ya wastani ikiwa katika mpg na uiandike. Kisha ingia kwenye mipangilio ya skrini, geuza kipimo kiwe lita kwa kilomita 100, na usome wastani uleule bila kuliendesha gari wala kufuta kumbukumbu. Zidisha namba hizo mbili. Jibu likikaribia 235, gari lako linahesabu kwa galoni ya Marekani; likikaribia 282, ni ya Uingereza. Kwa mfano, skrini ikionyesha 36.2 na baadaye 7.8, zao lake ni 282.4, na shaka imekwisha.

Gari langu linahesabu maili, lakini pampu inauza lita. Nifanyeje?

Hali hii ni ya kawaida kwa magari yaliyotoka Uingereza au Marekani kwenda nchi zinazotumia kilomita, na hesabu yake ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Jaza tanki mpaka pampu ikate yenyewe, kisha rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri. Endesha kama kawaida. Ukirudi kujaza, jaza tena mpaka pampu ikate, ikiwezekana katika kituo kilekile na pampu ileile, kwa sababu pampu hazikati zote katika kimo kimoja. Andika maili za kihesabu na lita zilizoingia.

Tuseme kihesabu kimesoma maili 372 na pampu imesoma lita 46.5. Gawanya 372 kwa 46.5 upate maili 8 kwa lita. Hicho si kipimo rasmi popote, lakini ni daraja linalofika kila upande. Kizidishe kwa 1.609 upate kilomita 12.9 kwa lita. Kizidishe kwa 3.785 upate maili 30.3 kwa galoni ya Marekani, au kwa 4.546 upate maili 36.4 kwa galoni ya Uingereza. Na ukigawanya 62.137 kwa 8, unapata lita 7.77 kwa kilomita 100.

Kipimo cha tanki moja hakitoshi kumhukumu fundi wala injini. Tofauti ya lita moja katika ujazaji, ambayo hutokea kwa urahisi gari likisimama kwenye mteremko, huyumbisha jibu la hapo juu kwa zaidi ya asilimia 2. Jumlisha maili na lita za matanki kadhaa yanayofuatana, kisha ugawanye jumla kwa jumla.

Je, ninaweza kuchukua wastani wa namba za safari mbili?

Kwa lita kwa kilomita 100 unaweza, mradi safari hizo ziwe na urefu sawa. Kwa kilomita kwa lita au maili kwa galoni huwezi, na hili ni kosa ambalo limeingia hata katika vitabu vya mahesabu ya kampuni zenye magari mengi.

Chukua gari linalopanda mlima kwa kilomita 100 likienda kilomita 8 kwa lita, kisha likarudi njia hiyohiyo likienda kilomita 16 kwa lita. Wastani wa haraka ungesema kilomita 12 kwa lita. Lakini kwenda kumekula lita 12.5 na kurudi kumekula lita 6.25, jumla lita 18.75 kwa kilomita 200, na hiyo ni kilomita 10.7 kwa lita. Wastani wa haraka umelisifia gari kuliko linavyostahili, na daima hukosea kwa upande huohuo. Sababu ni kwamba gari lilitumia mafuta mengi zaidi pale lilipokuwa likifanya vibaya, na wastani wa namba mbili hauioni tofauti hiyo. Zibadili zote kuwa lita kwa kilomita 100 kwanza: 12.5 na 6.25, wastani 9.375, ambao ndio ukweli wenyewe. Safari zikiwa na urefu tofauti, rudi kwenye njia isiyodanganya kamwe: jumla ya lita zote, jumla ya kilomita zote, gawanya.

Kuna ubaya gani kulinganisha magari kwa maili kwa galoni?

Ubaya wake ni kwamba kipimo hicho hupotosha jicho. Mwaka 2008 watafiti Richard Larrick na Jack Soll wa Chuo Kikuu cha Duke walionyesha kuwa watu huchukulia kila ongezeko la maili kwa galoni kana kwamba lina thamani sawa, wakati thamani yake hupungua kadiri namba inavyopanda.

Mfano ufuatao unatosha. Familia moja ina magari mawili, kila moja likienda kilomita 20,000 kwa mwaka. La kwanza linakwenda maili 12 kwa galoni ya Marekani, na wanaweza kulibadili na linalokwenda 15. La pili linakwenda 30, na wanaweza kulibadili na linalokwenda 50. Kuruka kutoka 30 hadi 50 kunaonekana kuwa ndiko kwenye faida. Sasa badili vipimo. La kwanza linashuka kutoka lita 19.6 hadi lita 15.7 kwa kilomita 100, akiba ya lita 784 kwa mwaka. La pili linashuka kutoka lita 7.8 hadi lita 4.7, akiba ya lita 627. Maili 3 zimeokoa mafuta mengi kuliko maili 20.

Ndiyo sababu lebo za magari mapya nchini Marekani, kuanzia magari ya mwaka wa modeli 2013, huonyesha pia galoni kwa maili 100 pamoja na mpg iliyozoeleka. Kwa maoni yetu, yeyote anayelinganisha magari kwa nia ya kupunguza gharama afanye kazi yote kwa lita kwa kilomita 100, hata kama atalazimika kubadili kila namba, kwa sababu kipimo hicho kinahesabu kile kinacholipiwa. Kilomita kwa lita ina kazi yake nzuri, nayo ni kujibu swali moja: mafuta yaliyobaki yatanifikisha?

Matumizi yakipungua kwa asilimia 20, je, maili kwa galoni huongezeka kwa asilimia 20?

La, huongezeka kwa asilimia 25. Gari likishuka kutoka lita 10 hadi lita 8, limepunguza sehemu moja ya tano. Lakini maili zake kwa galoni ya Marekani zimepanda kutoka 23.5 hadi 29.4, ambayo ni robo ya zaidi. Vivyo hivyo, kupunguza matumizi kwa nusu ni kuongeza maili mara mbili. Muuzaji anayesema kifaa chake kinaboresha ulaji wa mafuta kwa asilimia 25 aulizwe kwanza anahesabu kwa kipimo kipi.

Niandike desimali ngapi?

Moja inatosha karibu kila wakati, na ukiandika zaidi ya hapo utakuwa unaonyesha uhakika usiokuwapo. Maili 30 iliyokaribishwa ingeweza kuwa chochote kati ya 29.5 na 30.5, ambazo kwa galoni ya Marekani ni lita 7.97 na lita 7.71. Kuandika 7.8405 ni kumdanganya msomaji. Kwa magari yanayokula sana hali huwa mbaya zaidi: maili 15 huenda ni 14.5 au 15.5, yaani lita 16.2 au 15.2, na hapo hata desimali ya kwanza haina mashiko. Jambo jingine ni kutokaribisha namba katikati ya hesabu. Badili mara moja tu kutoka kwenye namba ya asili, na ukaribishe mwishoni.

Nimebadili vipimo kwa usahihi, lakini namba za gari moja katika nchi mbili bado hazilingani. Kwa nini?

Kwa sababu majaribio yenyewe hayakuwa mamoja, na hakuna kanuni ya kuzidisha au kugawanya inayoweza kuliponya hilo. Umoja wa Ulaya ulianza Septemba 2017 kutumia kwa aina mpya za magari utaratibu unaojulikana kama WLTP, badala ya ule wa zamani wa NEDC ambao ulijulikana kwa kutoa namba nzuri kuliko hali ya barabarani. Nchini Marekani wakala wa mazingira, EPA, una mizunguko yake ya majaribio, na tena hushusha matokeo ya maabara ili yakaribie uendeshaji wa kila siku. Matokeo yake ni kwamba gari lilelile kwa kawaida huonekana kula kidogo zaidi kwenye karatasi ya Ulaya kuliko kwenye ya Marekani, hata baada ya kubadili vipimo sawasawa. Linganisha WLTP na WLTP, EPA na EPA. Namba ya NEDC ya gari kuukuu isiwekwe kamwe kando ya namba ya WLTP ya gari jipya.

Je, lita ya dizeli ilinganishwe na lita ya petroli?

Ubadilishaji wa vipimo hauangalii aina ya mafuta, kwa hiyo kanuni ni zilezile. Lakini lita ya dizeli ina nishati inayozidi ya lita ya petroli kwa zaidi ya asilimia 10, ndiyo maana sehemu ya ubora wa injini za dizeli katika namba za matumizi inatoka kwenye mafuta yenyewe wala si kwenye injini. Ethanoli iko upande wa pili: lita yake ina nishati pungufu ya ile ya petroli kwa karibu theluthi, na gari likichanganyiwa ethanoli nyingi litaonekana mlafi ghafla ingawa halina kasoro.

Joto la mafuta lina athari?

Athari ipo, ila ni ndogo. Petroli hutanuka kwa takriban sehemu 1 kati ya 1,000 kwa kila digrii ya Selsiasi, hivyo tofauti ya digrii 15 hubadilisha ujazo kwa takriban asilimia 1.5. Tairi zilizobadilishwa kwa saizi nyingine zina athari kubwa zaidi, kwa kuwa tairi yenye mzingo mrefu hufanya kihesabu kisome umbali pungufu ya uliosafiriwa kweli.

Nimesikia kwamba lita kwa kilomita 100 ni kipimo cha eneo. Ni kweli?

Ni kweli kabisa, na ni moja ya mambo mazuri katika somo hili. Lita ni ujazo, kilomita ni urefu, na ujazo ukigawanywa kwa urefu hubaki eneo. Lita 6 ni mita za ujazo 0.006, zigawanye kwa mita 100,000 upate eneo la milimita za mraba 0.06. Maana yake ni hii: kama mafuta yangetandazwa barabarani mbele ya gari kama uzi mmoja usiokatika, na gari likawa linaunyonya uzi huo kadiri linavyokwenda, uzi ungekuwa na kipenyo cha milimita 0.28 hivi. Gari zima, pamoja na abiria na mizigo, linasukumwa na uzi mwembamba kiasi hicho.

Ninawezaje kupata kiasi cha kaboni dioksidi kutokana na matumizi ya mafuta?

Zidisha lita kwa kilomita 100 kwa 23 ikiwa ni petroli, au kwa 26.5 ikiwa ni dizeli, na utapata takriban gramu za kaboni dioksidi kwa kila kilomita. Gari la petroli la lita 6 hutoa gramu 138, na la dizeli la lita 6 hutoa gramu 159. Lita moja ya petroli ina uzito wa karibu robo tatu ya kilo, lakini moshi wake una kaboni dioksidi ya kilo 2.3, na wasomaji huuliza uzito huo wa ziada unatoka wapi. Unatoka hewani: kila gramu 12 za kaboni iliyomo kwenye mafuta hujichukulia gramu 32 za oksijeni wakati wa kuungua.

Magari ya umeme yanaingiaje katika hesabu hii?

Ulaya hutaja kilowati-saa kwa kilomita 100. Waingereza hupenda maili kwa kilowati-saa, na ili kubadili unagawanya 62.137 kwa namba hiyo, kwa hiyo maili 4 kwa kilowati-saa ni kilowati-saa 15.5 kwa kilomita 100. Marekani hutumia MPGe, yaani maili kwa nishati inayolingana na ya galoni moja ya petroli, ambapo kilowati-saa 33.7 zimehesabiwa kuwa sawa na galoni moja ya petroli kwa nishati. Gawanya 2,094 kwa MPGe, na 100 itakuwa kilowati-saa 20.9 kwa kilomita 100. MPGe inalinganisha nishati tu. Haisemi chochote kuhusu bei ya umeme wala namna umeme huo ulivyozalishwa.

Nifanye nini nikikuta lita kwa kila mil moja?

Gari hilo lina uhusiano na Uswidi au Norwei, ambako mil ni kilomita 10, wala si maili. Zidisha kwa 10: lita 0.7 kwa mil ni lita 7 kwa kilomita 100.

Boti na jenereta je?

Maili ya baharini ni mita 1,852, kwa hiyo kanuni za hapo juu hazifai kwa chombo cha majini. Gawanya lita zilizotumika kwa maili za baharini, kisha gawanya tena kwa 1.852 ukitaka lita kwa kilomita. Injini za boti, matrekta na jenereta mara nyingi hupimwa kwa lita kwa saa, na kipimo hicho hakiwezi kugeuzwa kuwa lita kwa kilomita 100 mpaka mwendo ujulikane. Chombo kinachotumia lita 12 kwa saa kikienda kilomita 15 kwa saa kinatumia lita 80 kwa kilomita 100, na nanga ikiwa chini huku injini ikiunguruma, hakuna umbali wa kugawanyia.